Mchi wa Bi Tabu

Nchi yenyewe ipo, msiniulize wapi. Ukifunga safari kuitafuta utaikosa. Ukikaa nyumbani ukatulia, huenda ikakujia yenyewe mpaka mlangoni, na spika juu ya gari. Raia wake ni wapole, viongozi wake wapole kupita raia, na huko kila kitu kinafanya kazi, isipokuwa vile vitu vinavyotumika.

Siku moja Mtukufu Rais wa nchi hiyo aliota kwamba wananchi wake hawacheki. Alipoamka akaunda Mamlaka ya Furaha. Akaipa jengo refu, magari, Waziri wa kuisimamia, na Mkurugenzi wa kuhakikisha Waziri haisimamii mno. Mamlaka ikajenga Bustani ya Furaha, yenye bembea za kila namna, na katikati yake ikainua kilima cha saruji chenye uwazi ndani. Kikaitwa Pango la Ukombozi.

Ndani ya Pango kilipita kigarimoshi. Ulikata tiketi, ukaketi kwenye behewa lisilo na paa, ukachukuliwa gizani, na historia ya taifa ikakupitia kushoto na kulia kwa vioja. Simba wa mashine alinguruma mpaka watu wakashikana mikono bila kujuana. Radi ilipasuka. Mvua ilinyesha, mvua kweli, ukatoka shati linadondoka maji. Mlima ulitema moshi. Na mwisho kabisa taa iliwaka ghafla, ukaliona baraza la Gavana.

Hapo lazima nieleze kidogo, maana wengine wenu mmesoma vitabu vya juzijuzi. Zamani nchi hiyo ilitawaliwa na Gavana kutoka ng'ambo, mtu aliyependa usingizi wa asubuhi. Wanawake waliamka alfajiri kutwanga, na mlio wa vinu ukawa unamwamsha. Akapiga marufuku: asitwange mtu mpaka Gavana amalize kunywa chai. Sasa huyu bwana alikuwa mnywaji wa taratibu. Watoto wakawa wanashinda na njaa mpaka jua la utosi. Ndipo mwanamke mmoja, Bi Tabu, alipobeba mchi wake, akapanda barazani bila kualikwa, akamtwanga Gavana juu ya ile kofia yake ngumu. Hakumwua. Alimwamsha tu. Lakini mlio ule ulisikika nchi nzima, vinu vyote vikaitikia, na kabla ya mavuno Gavana alikuwa melini anatapika.

Basi pangoni sanamu ya Bi Tabu iliinua mchi juu, ikaushusha, pu! Sanamu ya Gavana ikaanguka na kiti chake, na abiria wote wakapiga kelele ambayo waliokuwa nje kwenye foleni waliisikia, wakaanza kusukumana.

Hakuna aliyepiga kelele hiyo kumshinda Bi Mashavu, fundi wa kushona sare za shule, mwanamke mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo ya mto. Bi Tabu alikuwa bibi yake, mzaa mama. Pango lilipofunguliwa bibi alikuwa hai bado. Walimpandisha behewa la mbele, akaitazama sanamu yake kwa makini, akasema, "Mimi nilikuwa mnene kuliko huyu. Lakini pigo ndilo lenyewe." Kisha akaomba azungushwe tena alione.

Alipofariki hakuachiwa kumbukumbu nyingine. Barabara zote za mji mkuu zilikuwa na majina ya Mtukufu, na vichochoro vilikwisha kuahidiwa mama mkwe wake. Bi Tabu hakupata barabara, hakupata shule, hata stempu hakupata. Alikuwa na pigo lile moja, gizani, kwa tiketi. Bi Mashavu alikwenda kulitazama kila Jumamosi kama wengine wanavyokwenda kuzuru makaburi, tofauti ni kwamba yeye alirudi amefurahi.

*

Wa kwanza kuharibika alikuwa simba. Alianza kwa kukohoa, akaingia kwenye kwikwi, na Jumamosi moja akafungua mdomo, hakikutoka kitu. Umoja wa Mashabiki wa Pango, ambao Bi Mashavu alikuwa mwanachama wake, ulipeleka malalamiko. Mkurugenzi wa Mamlaka, Ndugu Makoba, aliita waandishi wa habari.

"Simba wetu hajaharibika," alisema. "Simba anawaza. Kunguruma ni hatua ya mwanzo ya maendeleo. Tumeivuka."

Waandishi wakapiga makofi, wakaenda kula.

Lakini Jumamosi iliyofuata kigarimoshi kilipopita mbele ya simba mwenye mawazo, mtoto mmoja akaangua kilio kwa kuwa aliahidiwa kutishwa, na hakutishwa. Bi Mashavu hakuweza kuvumilia. Alivuta pumzi, akanguruma mwenyewe kutoka behewa la pili. Mtoto akanyamaza kwa hofu na furaha. Behewa zima likashangilia.

Radi ilipokufa, shemeji yake Bi Mashavu, Mzee Fungameza, aliyekuwa mpiga tarumbeta wa bendi ya polisi kabla ya kustaafu, alikuja na bati la kuezekea. Akalitikisa gizani, na watu wakainama wakishika vichwa. Mvua ilipokauka akatokea mtu na ndoo na ungo. Mlima ulipoacha kutema, mama mmoja akaja na chetezo, akachoma ubani na maganda ya machungwa. Ndivyo ulivyoanza ule utaratibu unaoitwa kufidia. Kila shabiki alikuwa na kioja chake, na alikilinda kama watu wanavyolinda nafasi ya kuswali safu ya mbele.

Mamlaka ilipoona Pango linanguruma, linapasuka, linanyesha na linafuka, iliridhika, ikajitunuku Nishani ya Matengenezo Bora. Mafundi wa Pango, kwa kuwa sasa hawakuwa na la kufanya, wakahamishiwa Kitengo cha Mapokezi ya Viongozi, wakafundishwa kupiga makofi. Kisha, kwa kuwa serikali nzuri haiachi jambo jema liwe la hiari, kufidia kukawa sheria. Kibao kikawekwa mlangoni: ABIRIA ASIYE NA KIOJA HARUHUSIWI KUPANDA. Askari wa Bustani wakaanza kukagua. Walimsimamisha yule wa ndoo wakamwambia, "Wiki iliyopita mvua yako ilikuwa rasharasha, mzee. Historia inasema masika. Tusikuone tena."

Mzee wa watu akaomba radhi, akarudi na ndoo kubwa zaidi.

*

Mkono wa Bi Tabu haukuharibika kwa kishindo. Ulivuja. Mafuta yalitoka begani yakashuka kwenye kiwiko, na kila wiki mchi ulikuwa chini kidogo kuliko wiki iliyopita. Wakati huohuo mchwa walimla Gavana kuanzia makalioni. Mamlaka ikaona si heshima kiti kukaa tupu, viti vitupu huwatia watu mawazo. Ikamweka karani wake mmoja hapo, amevaa kofia ngumu na glavu nyeupe, akae kimya mpaka saa za kazi ziishe, jambo alilokuwa analimudu tangu alipoajiriwa.

Sasa kukawa na tatizo la kiutawala. Mtumishi wa umma hapigwi na sanamu. Kwa hiyo mkono uliposhuka mpaka ukawa sawa na mapaja ya karani, waliufunga hapohapo kwa kamba ya katani, wakarekodi sauti mpya kwenye spika.

Bi Mashavu aliisikia Jumamosi hiyo, koo lake likiwa bado linawasha kwa kunguruma. Taa iliwaka. Bibi yake alikuwa ameinama, mikono mbele, mchi umelala juu yake kama sinia. Karani ameunyooshea glavu. Spika ikasema kwa sauti ya asali:

"Na hapa, ndugu abiria, ndipo Bi Tabu alipomkabidhi Gavana zawadi ya mchi, ishara ya ushirikiano mwema uliotuletea uhuru."

"Uongo!" Bi Mashavu alipaza sauti.

Askari aliyekuwa nyuma akamgusa bega. "Mama, hicho sicho kioja ulichopangiwa. Wewe ni simba."

*

Jumatatu alikwenda ofisini kwa Mkurugenzi. Makoba alimpokea vizuri sana, akamletea kiti, soda na pole, kwa mpangilio huo.

"Bi Mashavu, mama yangu, karibu. Wewe ndiye simba wetu! Mimi nyumbani nakuiga."

"Mkurugenzi, nimekuja kuhusu bibi yangu. Mmemwinamisha."

"Nani kamwinamisha? Ameinama mwenyewe. Sisi tumeona mkono unashuka, tukajiuliza, sisi ni nani tupingane na historia?"

"Umeshuka kwa kukosa mafuta."

"Hiyo ndiyo lugha ya mitaani. Kitaalamu tunasema umepevuka."

"Bibi yangu alimpiga Gavana, Mkurugenzi."

"Una ushahidi?"

"Gavana aliondoka."

Makoba akatabasamu kwa huruma. "Wageni huondoka, mama."

Bi Mashavu aliitazama ile soda, akaona ikibaki mkononi mwake inaweza kwenda isikokusudiwa. Akaiweka chini. "Basi mniruhusu nifidie. Nishuke behewani, nikate kamba ile, niuinue mkono wake mwenyewe. Simba nimewafanyia bure miaka na miaka. Nipeni hili moja."

"Haiwezekani. Pale ameketi mtu mwenye familia." Makoba akasogeza kiti karibu, akashusha sauti kama anayetoa siri njema. "Na tena nikupe habari ya kukufurahisha. Siku ya Uhuru Mtukufu mwenyewe atapanda kigarimoshi, na mgeni wake, Rais wa nchi jirani. Mashabiki wote mtakuwa nyuma yao mnafidia. Na pale barazani Mtukufu atafunua jiwe la marumaru, limeshachongwa: BI TABU, MAMA WA ZAWADI. Jiwe, mama! Sanamu huchakaa, spika hufa. Jiwe ni la milele. Wangapi wana bibi wa marumaru?"

Bi Mashavu alitoka bila kuaga. Njiani alikutana na watoto wa shule wenye sare alizowashonea yeye mwenyewe, wanaimba kwa pamoja shairi la mwalimu wao kuhusu mchi wa zawadi. Mishono ilikuwa mizuri. Ndiyo iliyomuumiza zaidi.

*

Kikao cha mashabiki kilifanyika kwenye bembea ya farasi wa mbao, kwa kuwa ilikuwa imeacha kuzunguka. (Mamlaka ilikwisha kutamka kwamba farasi wamefika.) Kila mjumbe aliketi juu ya farasi wake, wengine wakitazama mkiani.

"Mimi naomba tuache kufidia," Bi Mashavu alianza. "Siku hiyo tupande, tukae, tufunge midomo. Mtukufu alisikie Pango lake lilivyo. Na jiwe lile akilifunua, alifunue mbele ya ukimya."

"Lahaula!" Mzee Fungameza aliruka juu ya tandiko. "Shemeji, una homa? Kuna watoto hupanda kigarimoshi kile mara moja tu maishani mwao. Unataka waingie wakute giza na buibui?"

"Kama ndicho kilichomo, wakione."

"Hicho sicho kilichomo! Kilichomo ni sisi. Wewe ukinguruma, mimi nikipasua, huyu akimwaga, mama yule akifukiza, hapo ndipo Pango linapokuwa Pango. Tukiacha, tumeliua kwa mikono yetu!"

Farasi kadhaa wakapiga makofi.

"Mwenzenu mapafu yamekwisha," alisema mama wa chetezo. "Kila Jumamosi narudi nyumbani nanuka kama harusi. Mume wangu ananiuliza nimeolewa na nani."

"Na wakitufungia tusipande tena?" aliuliza mzee wa ndoo.

"Basi utapumzika, mzee wangu. Bega lako lile limeshuka kuliko mkono wa bibi yangu."

Watu wakacheka. Mzee Fungameza hakucheka. Alimwelekezea kidole, na sauti yake ya tarumbeta ikapanda.

"Bibi yako alipigania kelele, Mashavu! Aliambiwa anyamaze, akakataa. Leo mjukuu wake ndiye anatuletea amri ya kunyamaza. Gavana angekuwapo, angekupa nishani."

Wajumbe wakaguna. Lilikuwa neno zito, na kila mmoja alifurahi kwamba hakulisema yeye.

Bi Mashavu alishuka taratibu kwenye farasi wake, akavuta khanga, akasimama mbele ya shemeji yake.

"Bibi yangu alipigania kelele yake. Kinu chake, mchi wake, chakula cha watoto wake. Hii yetu ni kelele ya nani? Niambie wewe mtu wa bendi. Kila nikinguruma, Makoba anapanda cheo. Simba alipokufa, tulifunika. Radi ilipokufa, tulifunika. Mvua, tukafunika. Tumefunika kwa ustadi mpaka wamemfikia bibi yangu, na wanataka tumfunike na yeye, halafu wamwekee jiwe juu asifurukute. Hilo siwezi. Wengine nyote mnaweza kufanya mnavyotaka, simba amestaafu."

Mzee Fungameza aliyachezea manyoya ya shingo ya farasi wake.

"Shemeji," alisema baadaye, sauti imeshuka, "mimi na marehemu dada yako tulichumbiana kwenye radi ile. Alinishika mkono kwa mara ya kwanza pale. Siwezi kupita pale pamenyamaza."

"Najua. Mimi nilikuwa nimekaa katikati yenu. Mkono wa kwanza uliokushika ulikuwa wangu."

Hapo hata yeye akacheka, lakini hakusema atafanya nini. Kikao kikavunjika bila azimio, jambo ambalo katika nchi hiyo huitwa maafikiano.

*

Siku ya Uhuru ikafika. Bustani ilipakwa rangi upande unaoonekana. Wale waliokuwa mafundi walijipanga mistari miwili wakapiga makofi kwa utaalamu wa hali ya juu. Na hapo ndipo Mkurugenzi Makoba alipofanya kosa ambalo, kwa haki kabisa, mkurugenzi yeyote wa nchi hiyo angelifanya. Alijua wapiga picha wote watakuwa kwenye baraza la Gavana. Alijua picha hiyo itakwenda magazetini na kwenye kalenda. Akaona si sawa kalenda ya taifa iende na uso wa karani. Akamwinua, akavaa kofia ngumu na glavu, akaketi mwenyewe.

Kigarimoshi kiliondoka. Behewa la kwanza: Mtukufu, mgeni wake, Waziri wa Furaha, Mkuu wa Itifaki na walinzi. La pili na yaliyofuata: mashabiki. Bi Mashavu alikaa mbele kabisa ya behewa la pili, mikono mapajani. Mzee Fungameza alikuja na bati lake kama kawaida. Bi Mashavu alimtazama alivyolibeba, moyo ukamshuka.

Giza. Simba akafungua mdomo.

Walisikia magurudumu. Walisikia mtu akimeza mate, na baadaye ilisemekana ni Waziri.

"Huyu simba mbona hivi?" aliuliza mgeni.

Mtukufu aligeuka nyuma. "Mama. Vipi?"

"Anawaza, Mtukufu," Bi Mashavu alijibu kwa adabu. "Mamlaka ilikwisha kutamka."

"Anawaza nini?" mgeni akataka kujua.

"Hiyo ni siri ya taifa, mheshimiwa mgeni. Sisi wananchi hatuambiwi."

Mtukufu alimtia Waziri kiwiko cha mbavu. Waziri, msomi wa shahada kadhaa, alisafisha koo, akanguruma. Ilitoka sauti ya mbuzi aliyekanyagwa kwato.

Wakafika penye radi. Watu wote nyuma walikuwa wanamsikiliza Mzee Fungameza gizani. Bi Mashavu alisikia bati likiguswa, likalia kidogo, ti, kisha likanyamaza. Alipogeuka, kwa mwanga wa kurunzi ya mlinzi akaona ameliweka chini ya makalio yake, amelikalia, macho yamejaa maji.

Mlinzi wa Mtukufu akajaribu kuokoa hali kwa kupiga ubavu wa behewa kwa ngumi. Ikawa kama mtu anayedai kufunguliwa choo. Penye mvua akafungua chupa ya maji ya kunywa, akayanyunyiza kwa uzalendo, na yote yakamwishia mgeni kwenye tai. Penye mlima, Mkuu wa Itifaki, ambaye maisha yake yote aliapa kwamba havuti sigara, alitoa pakiti nzima kwenye soksi akawasha.

Nyuma, behewa kwa behewa, mashabiki walikaa wima kama wanapigwa picha ya pasi ya kusafiria. Mzee wa ndoo alikuwa amekumbatia ndoo tupu.

Taa ikawaka. Kigarimoshi kikasimama barazani ili jiwe lifunuliwe. Makoba alikuwa ameketi kwenye kiti cha Gavana, kidevu juu kwa ajili ya kalenda, glavu zimenyooshwa kupokea. Spika ikaanza, "Na hapa, ndugu abiria, ndipo Bi Tabu alipom..." ikakwama hapohapo, ikarudia "alipom, alipom, alipom", mpaka askari akaipiga teke ikafa.

Mgeni alisimama kwenye behewa, uso umemchangamka. "Ndiye huyu! Mtukufu mwenzangu, huyu mama hata kwetu tunamfundisha mashuleni. Nimekuja kwa ajili ya pigo hili! Kwetu tumemwekea sanamu sokoni, anapiga mchana kutwa. Sasa wenu mbona ameinama? Amepoteza nini?"

Kuna mambo Mtukufu aliweza kuyavumilia: njaa, kwa mfano, na mafuriko, kwa kuwa yalikuwa ya watu wengine. Lakini jirani kumpita kwa sanamu hakuweza.

"Na huyu wetu anapiga," alisema haraka. "Anapiga kuliko huyo wenu. Mashabiki! Fidieni!"

Hakuna aliyejitikisa.

"Nimesema fidieni. Ni amri."

Walinzi wakasogea kwenye behewa la pili. Bi Mashavu akasimama.

"Mtukufu, sisi ni raia watiifu. Mamlaka yako imetamka kwamba bibi yangu hakupiga, alitoa zawadi. Watoto wanaimba hivyo. Jiwe limechongwa hivyo, lile pale chini ya kitambaa. Sasa mimi fundi cherehani nitaanzaje kuipinga serikali? Nikipiga, nimevunja sheria. Nikikaa, nimevunja amri. Tusaidie, baba. Alipiga au alitoa zawadi? Sema wewe. Ukisema wewe, imekwisha."

Mgeni alimtazama Mtukufu. Wapiga picha wakamtazama Mtukufu. Makoba, barazani, alianza kutikisa kichwa polepole, kofia ikimchezacheza, lakini aliogopa kuharibu picha.

"Alipiga," alisema Mtukufu bila kufungua meno.

"Mabehewa ya nyuma hawakusikia, Mtukufu."

"Alipiga!"

"Nani, Mtukufu? Alimpiga nani?"

"BI TABU ALIMPIGA GAVANA!" Mtukufu alifoka mpaka saruji ikadondosha vumbi. "Alimpiga kwa mchi! Alimpiga kichwani! Mnataka niimbe?"

Ndipo nyuma kabisa bati likapasuka. Radi haikuwa imepasuka hivyo tangu siku za mashine. Mzee Fungameza alikuwa amesimama juu ya kiti analitikisa kwa mikono miwili, analia waziwazi, na mabehewa yote yakaitikia kwa vigelegele, mbinja na miguu, na ndoo tupu ikapigwa kama ngoma.

"Waziri!" Mtukufu akaamuru ndani ya kelele hizo. "Shuka ukaonyeshe!"

Waziri alishuka. Alilipita jiwe bila kulitazama. Kitambaa chake hakikufunuliwa siku hiyo, wala hakijafunuliwa mpaka leo, na Mamlaka imeeleza kwamba ni jiwe lenye staha. Alipanda barazani. Akaifungua kamba ya katani. Mkono wa Bi Tabu ulikuwa mzito kuliko alivyodhani, akaukumbatia kwa kwapa, akauinua, ukapanda ukilia kwa kutu mpaka juu, na mchi ukasimama pale ulipokuwa ukisimama zamani. Abiria wakanyamaza wenyewe kutazama.

"Mheshimiwa Waziri," Makoba alinong'ona bila kushusha kidevu, "kumbuka mimi ni mtumishi wa umma."

"Nakumbuka," Waziri alimjibu. "Nakumbuka na barua ulizoandika kuhusu kiti changu."

Akaushusha mchi. Kwa kuwa ni mtu aliyelelewa vizuri, na mbele yake palikuwa na wakuu wawili wa nchi, aliugusisha kwenye kofia kistaarabu, tok.

Mgeni alianza kupiga makofi, akasita.

Bi Mashavu akavikusanya viganja vyake mdomoni, na ile sauti ya kuitia watu ng'ambo ya mto ikajaa Pango zima.

"Rudia, Mheshimiwa! Bibi yangu hakwenda pale kubisha hodi!"